Dini Inayopita Ukuta wa Mabati

Ijumaa jioni, kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, jua likizama upande wa Ngong, mambo matatu hutokea Kibera karibu kwa pamoja. Muadhini wa Makina anaadhini Magharibi. Msabato wa Gatwekera ameshaoga, ameshapiga pasi nguo za kesho, na hashiki kazi tena, kwa kuwa Sabato yake imeingia pamoja na machweo. Na katika kanisa la Wapentekoste lililobanwa kati ya kinyozi na kibanda cha makaa, kijana anagonga maikrofoni kwa kidole kujaribu sauti kwa ajili ya kesha la saa tatu. Asiye na dini yoyote, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wa namna hiyo kuwa asilimia 1.6, anayasikia yote matatu akiwa kitandani kwake. Ukuta ni bati moja tu.

Kule Kileleshwa mtu anaweza kuwa mcha Mungu au asiwe, na jirani wa ghorofa ya juu asijue kwa miaka. Mitaa ya mabanda kama Kibera na Kawangware haina anasa hiyo. Jirani anajua umeamka kula daku au umelala tu. Anajua pombe uliiacha lini na ukairudia lini. Anajua pia kama yule mlokole anayelia kwa maombi usiku wa manane ndiye aliyeamka asubuhi akamtukana mama mboga kwa sababu ya deni la sukuma wiki. Kwa hiyo ukitaka kujua kushika dini ni kitu gani, usianzie kwa kasisi wala kwa imamu, maana hao watakueleza inavyotakiwa kuwa. Anzia kwa jirani, hasa jirani wa dini nyingine. Huyo hana sababu ya kumpamba mtu.

Na jirani akiulizwa, hazungumzii mafundisho. Anazungumzia mtu anakosa nini kwa ajili ya dini yake.

Chukua Msabato wa mjengo. Kwenye sehemu nyingi za ujenzi Nairobi, kazi ni Jumatatu hadi Jumamosi, na kibarua hulipwa kwa siku alizofika. Katika siku hizo sita, yeye anafanya tano. Katika ujira wa hizo tano anatoa fungu la kumi, yaani nusu siku. Anabaki na siku nne na nusu. Robo kamili ya alichoweza kupata imeshakwenda kabla ya sadaka nyingine, kabla ya mchango wa kiwanja cha kanisa, kabla ya nauli ya mikutano ya makambi. Kodi ya nyumba haitambui Sabato. Msimamizi wa mjengo naye, akishazoea kuwa fulani haonekani Jumamosi, siku moja atampa nafasi hiyo mwingine wa kushika Jumatatu hadi Jumamosi bila pengo.

Kwa wanawake hesabu ni kali zaidi. Asubuhi, pale Kawangware inapopakana na Lavington, utawaona wamekaa kando ya barabara wakingoja kuitwa kufua. Jumamosi ndiyo siku wenye nyumba wako nyumbani na nguo za wiki zimejaa kwenye beseni. Msabato akiwa miongoni mwao, siku yenye kazi ndiyo siku yake ya kuvaa vizuri na kupita mbele ya wenzake na Biblia mkononi, akielekea Shule ya Sabato. Wapo wanaoshindwa. Mtoto amefukuzwa shule kwa karo, na mtu anasema leo tu, Mungu ataelewa. Wenzake hawamwambii kitu, lakini wamemwona, naye anajua wamemwona.

Mwislamu wa boda boda ana mpango mwingine kabisa. Ijumaa mchana anaegesha pikipiki, anaswali, na anarudi stejini. Uislamu haukumwekea siku nzima ya kupumzika. Sura ya Al-Jumua yenyewe inawaruhusu waumini, swala ikiisha, watawanyike watafute riziki. Mzigo wake umegawanywa vipande vidogo: mara tano kwa siku, kila siku, akiwa na abiria au hana. Kipi ni kizito, siku moja nzima kwa wiki au dakika chache mara thelathini na tano? Swali hili nimelisikia likibishaniwa kwa kelele kwenye kibanda cha chai, na hakuna aliyeshinda. Kwangu, hizo ndogo ndogo ndizo ngumu zaidi. Siku kubwa ina shamrashamra na watu wa kukusukuma. Alfajiri ya Jumanne ya baridi ya Julai haina shabiki.

Dini ilifika Kibera na bunduki. Wanubi, askari wa asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles, ndio waliopewa kukaa katika msitu huo, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikautangaza rasmi kuwa eneo la kijeshi, zaidi ya ekari 4,000. Walikuwa Waislamu, na mpaka leo Makina ndiyo moyo wa Uislamu wa Kibera. Ardhi ile iliendelea kumegwa. Hati ya pamoja waliyokabidhiwa Wanubi mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Wapangaji waliofuata, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wakamba na wengine, walikuja na makanisa ya kwao kama walivyokuja na lugha za kwao. Kawangware, iliyokuwa mashamba ya Wakikuyu wa Dagoretti, ikajaa wapangaji kutoka Magharibi. Makanisa yakafuata huko nako, ya wenye ploti na ya wapangaji. Mwishoni mwa 2001 Kibera ilipowaka kwa ugomvi wa kodi, wenye nyumba wengi walikuwa Wanubi na wapangaji wengi Waluo. Mstari wa kodi ulipita karibu palepale ulipopita mstari wa dini, na waliotaka kuichanganya hawakukosa nafasi.

Sasa ngoja tukae kidogo na kitambaa cheupe.

Jumapili, Kawangware, kabla hujauona msafara unasikia ngoma. Halafu bendera zinajitokeza kwenye kona, halafu watu wenyewe, kanzu nyeupe na vilemba vyeupe, wakiimba na kutembea kwa mwendo wa kurukaruka, wanaume na wanawake na watoto waliofungwa vilemba vikubwa kuliko vichwa vyao. Ni African Israel Nineveh, kanisa alilolianzisha Zakayo Kivuli mwaka 1942 huko Magharibi ya Kenya baada ya kuachana na Wapentekoste wa misheni ya Nyang'ori. Matatu ya 46 inapiga honi nyuma yao na wao hawaongezi mwendo. Mgeni anaona rangi na mdundo. Mwenyeji wa ploti anaona jambo lingine: maji.

Maji hapa hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na bei hupanda mabomba yakikauka. Kufua kitambaa cheupe kikatakate huhitaji mitungi kadhaa, sabuni, na kamba ya kuanikia ambayo haitaibiwa na ambayo moshi wa jiko la jirani hautaifikia. Msimu wa mvua njia inakuwa uji wa matope unaotoka kwenye mitaro, na kutoka chumbani hadi barabara ya lami kuna hatua mia mbili za kuruka jiwe kwa jiwe huku pindo limeshikwa juu. Wapo wanaobeba kanzu kwenye mfuko na kuivalia mlangoni pa kanisa. Mama anayefua kanzu tano za familia Alhamisi ili zikauke kabla ya Jumapili ametoa sadaka ambayo haitatangazwa na mweka hazina. Hakuna kikapu kilichopita mbele yake. Lakini ploti nzima imemwona akiinama kwenye beseni.

Wakurino, nao wa vilemba vyeupe, wanaijua gharama ya kitambaa hicho kwa namna nyingine. Kundi lao lilizuka katika nchi ya Wakikuyu mwishoni mwa miaka ya 1920, likakataa mambo mengi ya mzungu, na Februari 1934 polisi wa mkoloni wakawaua watatu wao katika msitu wa Ndaragu. Baadhi yao hadi leo hawatumii dawa za hospitali. Legio Maria, waliotoka Ukatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakimfuata Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, wana rozari, wana Kilatini katika ibada, na wanavua viatu. Vua viatu mahali pasafi na hujafanya jambo. Vivue Kibera, uone.

Pesa nayo ina lugha zake. Fungu la kumi la Mkristo linamfikia kila mwenye kipato, hata cha kufua nguo. Zaka ya Mwislamu inasubiri kwanza: mali ifikie kiwango, ikae mwaka mzima, ndipo itolewe asilimia 2.5. Kwa kipimo hicho Waislamu wengi wa Makina na Lindi ni watu wa kupokea zaka kuliko kuitoa. Lakini mwisho wa Ramadhani kuna zakatul-fitri, na hiyo haiachi mtu: aliye na chakula cha kutosha siku ya Idi na usiku wake anatakiwa atoe kipimo cha chakula kwa kila kichwa nyumbani kwake, mtoto mchanga pamoja naye. Kwa hiyo mtu anaweza kupokea unga kwa mkono huu na kutoa unga kwa mkono ule asubuhi hiyohiyo. Mimi huupenda mpango huo. Unamnyima maskini ile aibu ya kuwa mpokeaji tu. Kwa upande mwingine, nina mashaka na wahubiri wa “kupanda mbegu”, wanaomwambia mama wa kibanda cha mandazi atume alichonacho kwa M-Pesa ili Mungu amrudishie mara mia. Akiomba kuona shamba lilikopandwa, anaambiwa hana imani.

Wakatoliki wana jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kuzijenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo katika mikutano yao ya miaka ya 1970, na leo hakuna mahali zinapofanya kazi kwa ukali kama mitaani. Kaya kadhaa za njia moja hukutana nyumbani kwa mmoja wao kila wiki, wanasoma Injili, wanachanga, wanamtembelea mgonjwa. Ukienda parokiani kutaka mtoto abatizwe au baba azikwe, swali la kwanza si kama unaamini. Utaulizwa: jumuiya yako ni ipi, na mwenyekiti wako anakujua? Kuna wanaokasirika, wanasema kanisa limegeuka ofisi ya chifu. Lakini fikiria anayekaa chumba kimoja na watoto wanne, zamu yake ya kupokea jumuiya imefika, na watu kumi na tano watakaa kitandani, kwenye mitungi na mlangoni, na chai lazima iwepo. Mwaka 2015, Novemba 27, Papa Francis alipokwenda kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi kule Kangemi, hapo jirani na Kawangware, alisifu mshikamano wa mitaa ya namna hii na papo hapo akalaani wanaoiacha bila maji wala vyoo. Aliyekuwa na zamu ya jumuiya wiki ile alielewa sehemu zote mbili za hotuba.

Mwaka huohuo wa 2015 Kibera ilipata rangi ya manjano. Nchi ilikuwa bado na jeraha la Garissa, ambako watu 148 waliuawa na magaidi Aprili, na Waislamu wa Nairobi walikuwa wakitazamwa kwa jicho la pembeni kwenye matatu. Msanii Yazmany Arboleda, mzaliwa wa familia ya Kikolombia, na Mkenya Nabila Alibhai walikuja na mradi wa kupaka nyumba za ibada rangi moja, Wakristo na Waislamu wakishika brashi pamoja. Msikiti wa Jeddah wa Kambi Muru ukawa wa manjano, na kanisa la Kianglikana la Holy Trinity likawa la manjano. Wapo waliocheka: rangi itamlisha nani? Rangi ni rahisi, kweli. Ila kumwachia mtu wa dini nyingine ngazi iegemee ukuta wa nyumba yako ya ibada, mwaka ule, hakukuwa rahisi.

Mambo ya kila siku ya aina hiyo hayana msanii. Mkristo akiwa na sherehe na anataka majirani Waislamu wale, anamtafuta Mwislamu achinje mbuzi. Hilo limekuwa desturi kiasi kwamba hakuna anayeliita mazungumzo ya dini. Na hapa jirani anafanya kazi mbili: analinda masharti ya imani isiyo yake, na anamfanya mwenye imani ayashike. Mwislamu anayekula mchana wa Ramadhani Kibera hamwogopi imamu tu, muuza chapati Mluo ndiye atakayemuuliza kwa sauti, “Kwani leo hufungi?”

Sheria nayo ililazimika kuingia. Januari 2019, binti aliyekuwa amejiunga na kidato cha kwanza katika shule moja ya upili ya Kibera alirudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake za rasta alizozifunika kwa kilemba. Wazazi wake ni Warastafari na amelelewa katika imani hiyo. Baba akaenda mahakamani. Septemba 13 mwaka huo Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Urastafari ni imani inayolindwa na Katiba kama nyingine, na kwamba kumfungia binti lango kwa ajili ya nywele ni kumvunjia haki. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana uhuru wa dhamiri, dini na fikra, na hakina orodha ya dini zilizo nadhifu na zisizo nadhifu. Miaka miwili kabla, Mahakama ya Rufani ilikuwa imewatetea wanafunzi Wasabato waliolazimishwa masomo ya Jumamosi. Suala la hijabu katika shule ya Kiwanjani, Isiolo, ndilo lililokwama: Mahakama ya Juu, Januari 2019, ilitengua ushindi wa wanafunzi Waislamu kwa sababu za utaratibu wa kesi.

Kilichonivuta katika kesi ya Kibera ni jinsi shule ilivyozitazama zile nywele: kama mtindo, ukaidi, mambo ya saluni. Mitaani kwenyewe hakuna aliyekuwa na shaka hiyo. Mrasta anayeacha nyama na pombe miaka nenda miaka rudi, anayekosa kazi kwa sababu mwajiri hataki rasta mlangoni pake, anajulikana na majirani, kama anavyojulikana yule aliyefuga rasta kwa ajili ya reggae ya wikendi. Mahakama ilihitaji miezi minane kufika mahali ambapo ploti ilikuwa imekaa siku zote.

Halafu Shakahola. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika shamba la ekari 800 hivi karibu na Malindi, ambako wafuasi wa Paul Mackenzie walikuwa wameambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miili iliyopatikana ilizidi 400, ikiwemo ya watoto wengi. Kwa wiki kadhaa neno “kufunga” lilikuwa gumu kulitamka Kibera bila mtu kukuangalia mara mbili. Na kweli, kwa kipimo cha mtu anakosa nini, wale walikosa kila kitu. Je, hao ndio walioshika dini kuliko wote?

Jambo moja huwa halitajwi vya kutosha. Mackenzie aliwahamisha watu. Aliwaambia wauze mali, watoe watoto shuleni, waingie msituni, mahali ambapo hakuna jirani wa dini nyingine wa kuuliza kwa nini mtoto halii tena. Mfungo ule usingemaliza siku nne Laini Saba, hapa Kibera. Muuza maji angeuliza mbona hamchoti. Mwalimu angetuma mtoto mwenzake. Mzee wa Legio Maria wa chumba cha tatu angegonga mlango, pengine kwa udaku tu, na udaku huo ungetosha. Hata Mkurino asiyetumia dawa, mtoto wake akizidiwa, hukutana na mama wa chumba cha pili aliyeshavaa lesso, tayari kumbeba hadi zahanati, na ugomvi unaozuka hapo huwa mkali na wa wazi. Mtu mzima kukataa kula kwa ajili ya Mungu wake ni shauri lake. Mtoto hakuweka nadhiri yoyote.

Serikali ilijibu kwa kuunda jopo lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, na mwaka 2024 ripoti ikatoka ikitaka usimamizi mpya wa mashirika ya dini, ukiwemo ukaguzi wa usajili na sifa za viongozi. Wazo lina sababu zake. Lakini mchungaji wa kanisa la viti thelathini kule Gatina, Kawangware, mara nyingi ni mtu anayechomelea milango Jumatatu hadi Ijumaa. Hana cheti cha chuo cha theolojia wala karo ya kukipata, wakati Mackenzie alikuwa na kanisa, televisheni na wafuasi nchi nzima. Fomu itauliza elimu ya mchungaji, katiba ya kanisa, majina ya wadhamini. Haina mahali pa kumuuliza kinyozi wa ukuta wa pili, Mwislamu, ambaye kwa miaka amesikia kila mahubiri bila kutaka, anajua sadaka ilijenga nini na nani alisaidiwa kuzika, na anaweza kukueleza yote hayo kabla hajamaliza kichwa kimoja.